Nyumba Chini ya Jeki

Emanueli alipiga simu nikiwa namenya viazi. Mikono ilikuwa na maji, kwa hiyo nilibonyeza kwa kidole kidogo nikaiacha simu iseme yenyewe juu ya meza. "Nesi," akasema, na hapo hapo nikajua ni nani na ni habari gani, maana hapa Singida hakuna anayeniita Nesi. Hospitalini naitwa Matroni, mtaani Mama Hawa. "Mama ametutoka. Tunazika Jumamosi, pale pale nyumbani." Nikampa pole. Halafu, badala ya kuuliza aliugua nini kama mtu wa hospitali, nikauliza, "Paa likoje?" Akajibu, "Paa ni zima, Nesi. Halijavuja hata siku moja." Nilimaliza kumenya viazi vyote, vingi kuliko ninavyoweza kula peke yangu, kisha nikaenda kwenye gari langu dogo kuangalia kama ubao bado umo kwenye buti. Ulikuwamo. Ni kipande cha mti mgumu wenye rangi ya chai, kipana kama sahani, na kila fundi anayefungua buti langu huuliza ni cha nini. Huwa nawajibu ni cha kuwekea jeki chini, nao huridhika.

Mwaka nilipomjua mama huyo ulikuwa wangu wa kwanza kazini. Nilitoka Lindi na kanga zangu na viatu vya wazi, nikapangiwa kituo cha afya huko juu Mbulu, ambako asubuhi ukungu uliingia hadi chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, katika nyumba za watumishi: kitanda, ndoo mbili, jiko la mafuta ya taa, na dirisha linalotazama mashamba ya vitunguu saumu, hata shuka zangu zikanuka saumu. Nilikula ugali na maharage nimekaa kitandani, sahani magotini, nikiitazama kalenda. Watu hawakuwa wabaya. Sijawahi kusalimiwa kama nilivyosalimiwa mwaka ule. Watoto waliacha ng'ombe barabarani waje kuniamkia. Lakini salamu zikiisha, mazungumzo yalirudi kwenye Kiiraqw, watu wakacheka, nami nikacheka nyuma yao kidogo bila kujua tunacheka nini. Mtandao wa simu ulipatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya kanisa. Jioni sisi watumishi wa kuja, walimu na watu wa afya, tulisimama pale kila mmoja amempa mwenzake mgongo, kila mmoja anaongea na kwao. Ukikata simu unakuta bado uko Mbulu. Kabla hata sijazoea baridi nilikuwa nimeshaandika maombi ya uhamisho. Nilikuwa mpweke, na sijui neno jingine la kulipamba hilo.

Aliyeniokoa kidogo ni Mzee Shabani, dereva wa gari la huduma ya mkoba, gari lile linalopeleka chanjo kwa watu wasio na zahanati. Alikuwa mtu wa Kondoa, mfupi, mwenye kofia ya kufuma aliyoivaa mvua na jua, na alikuwa ameendesha milima ile miaka mingi kiasi cha kujua Kiiraqw cha kununulia na cha kuombea njia. Tulikuwa tukiteremka pamoja hadi Yaeda Chini kuchanja watoto wa wafugaji na wa Wahadzabe, kisha tunapanda tena na vumbi la bonde hadi kwenye kope. Njiani alilalamika. Alilalamikia mawe, madaraja, madereva vijana, na zaidi ya yote alilalamikia Mbulu kwa kukosa mahali palipo sawa. "Nchi hii, binti yangu," alisema, "huwezi kulaza hata yai. Ukipata pancha hapa, utamwomba Mungu kwanza akunyooshee mlima."

Siku ya pancha tulikuwa tunarudi. Tairi la nyuma upande wa kulia lilianza kupigapiga, naye akaliburuza taratibu akitafuta pa kusimama, akinung'unika, hadi tulipokuta kando ya njia kipande cha nyasi kilichonyooka kama uwanja mdogo. Sijawahi kuona mtu anafurahia ardhi vile. Akaliingiza gari kinyumenyume, tairi bovu likakaa juu ya nyasi zile, akashuka anasugua mikono. Aliyofanya baadaye yalikuwa sahihi, na hata leo nayafanya hivyo hivyo. Alilegeza nati tairi likiwa bado limekanyaga chini. Aliniagiza mawe nikayakingia matairi ya mbele. Alitafuta jiwe bapa la kukalia jeki. Alikosea mahali pamoja tu, na ni kosa ambalo huko Kondoa au Lindi lisingewezekana: hakujiuliza kwa nini katika mlima mzima ule kipande kimoja tu kimenyooka. Wazee wa Kiiraqw walikuwa wakichimba nyumba zao ubavuni mwa mlima, tembe ya udongo, mlango ukitazama bondeni, na paa lake bapa likilingana na ardhi ya nyuma hata nyasi zikaota juu. Ukitoka upande wa juu huoni nyumba. Mimi niliona moshi mwembamba katikati ya nyasi nikadhani ni ukungu.

Tairi lilikuwa limeshatoka, na Mzee Shabani anageuka kuchukua lile la akiba, ardhi iliposhusha pumzi. Jeki ikazama na jiwe lake, ikalala upande, na gari likashukia juu ya kichwa cha jeki. Bati la chini ya mlango lilikunjika kwa sauti ambayo bado naisikia nikiona mtu anapiga jeki ovyo barabarani. Dramu ya breki ikatua kwenye kitu kigumu chini ya nyasi, gari likasimama pale limeinama. Vumbi likatulia. Kisha tukasikia mtu anakohoa chini ya gari, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, "Nani huko juu?"

Mzee Shabani alipiga magoti kando ya shimo. "Shikamoo," akaliambia.

"Marahaba," shimo likajibu, likakohoa. "Habari ya safari?"

"Nzuri, mama. Umeumia?"

"Sijaumia. Mnataka nini juu ya nyumba yangu?"

Huyo ndiye Bibi Sabina, mama yake Emanueli. Niliteremka mbio kuzunguka ukingo nikamkuta mlangoni, mwembamba, mrefu, mabega yamejaa udongo, ameshika sufuria ya maziwa aliyowahi kuifunika. Hakunigombeza. Alinitazama miguu, viatu vyangu vya wazi, akasema, "Ingia, huko nje baridi." Ndani nilihitaji muda macho yazoee. Palikuwa na mafiga, kitanda cha ngozi, kibuyu kinaning'inia, na upande wa pili ndama amefungwa. Nguzo zilisimama kama watu kanisani, nyeusi kwa moshi, na katikati yake mwanga wa jua uliingia kutoka pale darini ambapo mguu wa jeki ulikuwa umetokeza. Palikuwa na joto. Ndicho nilichokumbuka jioni ile nilipolala, kwamba tangu nifike Mbulu sijawahi kukaa mahali penye joto na mtu mwingine.

Kazi ilikuwa kulitoa gari bila kuliangusha lote ndani. Majirani walikuja na magogo marefu, wakayalaza kutoka ukingo hadi ukingo, lakini bado ilibidi jeki isimame mahali pa kubeba. Bibi Sabina ndiye aliyerudi ndani. Alichukua fimbo ya kuchungia, akasimama chini ya paa, akaanza kugonga. Juu, Mzee Shabani alilala kifudifudi, sikio kwenye nyasi, mtu mzima na ndevu zake. "Hapo?" aliuliza. "Hapo hewa!" Bibi alijibu kutoka chini, akasogea, akagonga tena. "Na hapo?" "Hapo nguzo! Aliisimika mume wangu hiyo, weka tu!" Wakaweka ubao wa jirani juu ya nguzo ile, jeki juu ya ubao, na safari hii kichwa chake kikashika ekseli. Gari likapanda kama lililoona aibu. Wanawake waliokuja kutazama walicheka hadi wakashikana mabega, nami nilicheka pamoja nao, na kwa mara ya kwanza nilijua tunacheka nini. Hata chanjo zetu zilikuwa zimepata kivuli cha tembe, sanduku lake limekaa kando ya kibuyu.

Gari lilitoka limeumia. Chini ya mlango bodi ilikuwa imeingia ndani, mlango haufungi, na paipu ya breki ya nyuma imebanwa bapa. Mzee Shabani aliikata, akaikunja na kuibana isivujishe mafuta, akatufikisha mjini kwa breki za mbele na dua, mlango umefungwa kwa kanga yangu. Lakini nyumba nayo iliumia. Boriti moja ilikuwa imepasuka na fito zake zimekatika, na shimo lilikuwa la kupitisha mtu. Mvua hazikuwa mbali.

Emanueli alikuja kutoka Babati, ambako alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu mstaarabu. Alitusalimia, akatupa pole sisi tulioiharibu nyumba ya mama yake, kisha akakaa na mama yake kando ya mafiga wakaongea Kiiraqw kwa sauti ya chini. Nilishika maneno machache tu: bati, Babati, mvua, bati tena. Bibi alikuwa akikoroga chungu bila kumtazama. Baada ya hapo Mzee Shabani, aliyejifanya anakagua nguzo, na aliyekisikia Kiiraqw kuliko alivyokisema, alinieleza nje. Mwana alikuwa amemwomba mama kwa miaka mingi ahamie kwake mjini, au angalau akubali nyumba ya bati. Sasa alikuwa na shimo la kumwonyesha. Wamekubaliana: mvua za kwanza zikivuja, mama ataondoka naye siku hiyo hiyo. Zisipovuja, Emanueli hataomba tena. "Na Bibi amesema nini?" niliuliza. "Amesema Babati kuna joto," akajibu Mzee Shabani. "Na kwamba kule nani atamjua." Nilisimama pale na koti langu la mtumba, mtu ambaye hakuna anayemjua, na nikaumia moyo kama vile nyumba ni yangu.

Basi majuma yale tulikuwa na matengenezo mawili. Gari lilikuwa gereji mjini, na siku za mapumziko Mzee Shabani alikuja kwa miguu na malori ya vitunguu hadi kwa Bibi. Fundi wa gereji alitaka kujaza puti pale palipobonyea na kupaka rangi juu. Mzee Shabani alikataa hadi wakakosana. "Puti ni poda," aliniambia akiwa amekaa juu ya paa, anachambua fito. "Ndani kutu inakula, nje unang'aa. Nimemwambia akate bati lililokunjika, avute hadi lirudi kwenye mstari wake, achomelee, apake rangi ya kuzuia kutu kwa ndani kwanza, pale ambapo hakuna wa kumsifu." Kuhusu paa, Bibi naye alikuwa na msimamo huo huo. Emanueli alikuwa ameleta karatasi kubwa la nailoni la kufunika shimo. Bibi alilikunja vizuri, akalifanya tandiko la ndama. Alitutaka tulipanue shimo kwanza, tukate fito zote zilizotikiswa hadi tufikie zilizo imara. Nilitazama mawingu kila tulipolifanya kubwa zaidi. Nikasomba majani, nikakanyaga udongo na samadi kwa miguu yangu ya Lindi, na mchana tukala ndani: ugali mgumu, maziwa ya mgando, mboga za majani zenye uchungu. Mzee Shabani aliswali kando ya nguzo, Bibi akipunguza sauti ya redio yake ya kwaya. Ndipo nilipojifunza kula bila kuitazama kalenda.

Hatukuongea sana mimi na Bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, Kiiraqw changu hakikuwepo. Lakini tulikuwa na desturi yetu. Nikifika kutoka njia ya juu, nilisimama ukingoni nikasema shikamoo kwa ardhi, naye chini aligonga dari kwa fimbo, kisha ndipo ilipokuja "marahaba." Akisikia hatua zangu zinapotea njia, aligonga kunionyesha nguzo. "Pita pembeni! Juu ya nguzo!" Kuna siku nilitembea njia yote ile bila haja yoyote, ili nigongewe tu.

Mvua ilikuja mchana, mchana wa Jumapili, na Emanueli akiwapo. Nadhani aliifuata kutoka Babati. Tulikaa wanne chini ya kiraka kile. Bibi alikuwa ameweka sahani nyeupe ya bati sakafuni, pale pale ambapo mguu wa jeki ulitokezea, ili tone likidondoka litangazwe. Juu mvua ilipiga kama inayotafuta mlango. Mzee Shabani alivuta tasbihi. Emanueli alitazama sahani, mimi nilimtazama Emanueli, na katika uso wake niliona jambo ambalo sikulitarajia: naye aliogopa kushinda. Bibi peke yake alikuwa na kazi. Aliosha vikombe, akachemsha chai, akasonga ugali, akamkemea ndama. Mvua ilinyesha hadi mlangoni pakawa mto mdogo. Ilipopungua, Emanueli aliinuka, akainama, akapitisha kiganja kwenye sahani, akakigeuza na kumwonyesha mama yake. Kikavu. Akakaa chini, akavua viatu vyake vya mjini, akaomba ugali.

Majuma machache baadaye uhamisho wangu ulikuja. Mganga mkuu aliniita ofisini akinipongeza. Nilikuwa nimebahatika, alisema, wengine huomba miaka. Nilimshukuru, nikaenda kwenye jiwe nyuma ya kanisa, nikapanda juu yake na sikumpigia mtu. Bibi alisikiliza habari akiwa anachambua maharage. "Uliomba?" akauliza. Nikasema niliomba mwanzoni, kabla ya shimo. Akafikiri. "Basi umepewa," akasema, na akaendelea kuchambua. Sikulia mbele yake. Mzee Shabani ndiye aliyenipeleka stendi, kwa gari lile lile, mlango ukifunga kwa kishindo kizuri. Aliniachia ubao. Alikuwa ameipasua ile boriti iliyovunjika akaisawazisha kwa randa vipande viwili, kimoja chake, kimoja changu. Nilimwambia sina gari wala sina mpango wa gari. "Siku utapata," akasema, "na siku hiyo utapata pancha. Uliza kwanza unasimama juu ya nini." Alifariki kwao Kondoa, nami nilisikia amekwisha kuzikwa.

Ijumaa nikaweka mafuta, na Jumamosi alfajiri nikaingia barabarani peke yangu. Mlima Hanang ulikuwa na wingu shingoni nilipopita Katesh. Huko Basotu ngano ilikuwa imevunwa na ziwa limetulia. Nyumbani kwa Bibi Sabina njia ilikuwa imepanuliwa, na magari ya waombolezaji yalikuwa yamepangwa ukingoni. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa akiyaongoza. Aliponiona mwanamke niko peke yangu alinihurumia, akanionyesha palipo bora. "Mama, rudi nyuma hapo kwenye nyasi. Pamenyooka."

"Hapo chini ni nyumba," nikamwambia.

"Haina mtu, mama. Mwenyewe ndiye huyo tunamzika." Aliyasema kwa upole, kama unavyomwambia mtu asiye na habari. Nililiacha gari mbali, mtelemkoni, nikayakingia matairi kwa mawe, nikateremka kwa miguu. Nilisimama ukingoni, na kabla sijakumbuka midomo ilikuwa imeshasema shikamoo. Nyasi zilitikisika kwa upepo.

Tulimzika chini kidogo ya mlango wake, mahali panapotazama bonde. Emanueli, mvi tupu sasa, alinishika mkono kwa muda mrefu. Watu walipoanza kunawa mikono wale, niliingia ndani ya tembe. Mafiga yalikuwa ya baridi. Kibuyu hakikuwapo, ndama hakuwapo, lakini nguzo zilisimama, na kiraka chetu darini nilikijua kwa fito zake, moshi haujazifanya nyeusi kama nyingine. Fimbo ilikuwa imeegeshwa pale pale. Nilikaa kwenye kigoda chake nikasikia hatua juu, mtu anatembea nyasini bila kujua anatembea juu ya nini, anaelekea katikati. Nikachukua fimbo nikagonga.

Hatua zikasimama. "Nani huko chini?" Ilikuwa sauti ya yule kijana, na ilikuwa na hofu.

"Mimi," nikasema.

Kisha malezi yake yakamrudia. "Shikamoo."

Sikuwahi kuisikia salamu ile ikitoka juu. Nilisogea, nikapapasa nguzo ya mume wa Bibi, nikagonga tena pale inapobeba.

"Marahaba," nikamjibu. "Pita pembeni, mwanangu. Pita juu ya nguzo."